Nani Alipie Giaboksi ya Mama Nuru

Vijana wangu mnaoshika spana hapa Masasi, mkinipita barazani mnaniamkia vizuri, kisha mnatoa simu, mnanionesha picha ya injini na kuniuliza, fundi, hii itakuwa nini? Napenda mnavyoniuliza. Kustaafu kunamchosha mtu aliyezoea kelele. Ila nimegundua kwamba wote mnauliza gari lina nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali ambalo mteja anakuwa nalo kichwani tangu anaposhuka kwenye gari: nani atalipa?

Mnadhani jibu linajulikana. Gari lake, shida yake, alipe. Mara nyingi ni hivyo, na mimi siyo mtu wa kuwatetea wateja wanaoendesha bila oili halafu wanakuja kulia gereji. Lakini nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya wakala wa magari mapya, ile iliyokuwa na ukuta wa buluu, mpaka nikawa fundi mkuu, na nawaambia kuna siku jibu linakuwa lingine. Nitawasimulia habari ya Mama Nuru wa Newala, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko gari lolote nililofungua.

Kwanza nimtaje Fundi Mponda, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana kama majembe, na hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Alitufundisha kumsikiliza mteja kabla ya kusikiliza injini. Siku moja lililetwa gari linagonga nyuma kila likikata kona. Wenzangu wawili walishusha shokomzoba, wakabadilisha mpira, wakafunga, bado linagonga. Mponda akamuuliza mwenye gari jana alibeba nini. Akasema alimpeleka mama yake harusini Chiungutwa. Mponda akainua kiti cha nyuma, akatoa mchi wa kinu. Bibi alikuwa ameusahau humo. Tulicheka siku nzima, ila tangu hapo mimi huuliza kwanza.

Vilevile alitufundisha kutumia pua. Siku hizi mnachomeka mashine, inawaandikia namba, mnaitafuta namba hiyo kwenye simu. Ni vizuri, hata mimi niliitumia miaka yangu ya mwisho na iliniokolea muda mwingi. Lakini mashine hainusi. Mafuta ya giaboksi yaliyoungua yananuka kama korosho zilizosahauliwa motoni, na ukishayanusa mara moja huwezi kuyasahau. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya chooni, subiri. Yakiwa mekundu na yakasambaa sawasawa, giaboksi inapumua. Yakiwa meusi katikati, inakufa. Na yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi maji yameingia, na hapo usiwashe tena gari hilo hata kwa kulihamisha kivulini.

Gari la Mama Nuru lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mama Nuru alikuwa anauza maji Newala. Mnapajua Newala, mji uko juu, ukisimama ukingoni unaliona bonde lote la Ruvuma, na maji yako huko chini. Yeye alikuwa na pikapu iliyofungwa tangi la plastiki nyuma. Anashuka bondeni, anajaza, anapanda, anagawa mitaani. Alikuwa anaendesha mwenyewe. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, klachi ilimshinda, ndiyo maana alinunua pikapu ya otomatiki, mpya kabisa, kutoka kwetu. Alilipenda gari lile. Alilileta kwa huduma kila muda wake ulipofika, akiwa amelifuta vumbi kabla hajafika, kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

Siku hiyo alikuwa anapanda na tangi limejaa. Katikati ya mlima injini inaunguruma, gari haliendi. Akabana breki, zikashika, akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha, ili gari lipungue uzito, akafungua bomba la tangi. Aliniambia hajui watu walipata wapi habari, lakini kabla tangi halijafika nusu walishatokea na ndoo, madumu, hata sufuria. Hakumtoza mtu. Waliposhiba maji wakamsaidia kulisukuma gari pembeni, na kesho yake likavutwa mpaka Masasi.

Nilinusa, nikadondosha tone kwenye karatasi, nikamwita meneja wetu, Bwana Haule. Alikuwa kijana wa Songea, msomi, mwenye adabu, na mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anaingia karakana akiwa na shati jeupe na hakuogopa kulichafua. Hakuhitaji maelezo. Chini ya rejeta ya gari lile kuna kibomba kidogo ambamo mafuta ya giaboksi yanapita kupozwa. Kibomba kikipasuka pale kilipochomelewa, maji na mafuta vinakutana, giaboksi inaoza ndani kimyakimya. Nilishafungua magari kadhaa ya aina ile, na yote yalipasuka mahali palepale. Na stoo kwetu rejeta mpya zilipokuja kutoka kiwandani, sehemu ile ya kuchomelea ilikuwa imeongezwa unene. Kiwanda hakirekebishi kitu kilicho sawa. Mimi nilijua hivyo, Haule alijua, na kiwanda kilijua kabla yetu.

Lakini waranti ya Mama Nuru ilikuwa imeisha, tena haikuwa zamani.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo wengi wanapochanganya. Kuna kasoro ambazo kiwanda kinalazimika kutangaza na kuyaita magari yote yarudi, yatengenezwe bure. Hizo ni za usalama: breki, usukani, mikanda, vitu vinavyoua. Kasoro ya kibomba haikuhesabiwa humo. Gari linasimama tu, wakasema. Breki za Mama Nuru zilishika, kwa hiyo hakuna hatari, kwa hiyo hakuna tangazo, kwa hiyo alipe mwenyewe. Na giaboksi ya otomatiki, ninyi mnajua, mtu anaweza kuuza shamba la mikorosho akainunua na asibakiwe na kitu.

Haule alipiga simu makao makuu Dar es Salaam. Huko kulikuwa na injinia mmoja, dada mtulivu, ambaye alikuwa anapokea mashauri ya karakana zote. Haule aliweka simu wazi juu ya meza ili na mimi nisikie. Yule dada hakutudanganya. Alisema kasoro inajulikana, na kampuni imeruhusu kuwasaidia wateja hata waranti ikiisha, lakini kwa siri kidogo: anasaidiwa yule anayelalamika sana. Asiyelalamika anapewa bei.

Nikawafikiria wateja wetu. Mtu wa kwetu akiingia ofisini anasema shikamoo, anakaa pembeni ya kiti, anaeleza shida yake kwa unyenyekevu, akitajiwa bei anaomba apunguziwe kidogo. Hajui kupiga meza. Kwa utaratibu ule, adabu yetu ndiyo ilikuwa inatutoza. Nikamwambia hivyo yule dada. Akasema, "Fundi, naelewa. Nileteeni sababu ambayo wakuu hawawezi kuikataa."

Na wao walikuwa na sababu yao tayari. Kwenye rejeta ya Mama Nuru hakukuwa na kulanti, yale maji ya rangi tunayoweka kuzuia kutu. Kulikuwa na maji matupu. Wakuu wa Dar wakasema mteja ameiharibu rejeta mwenyewe.

Nilimuuliza. Hakuruka. Alisema kiangazi kulanti iliisha madukani Newala, rejeta ikapungua, akaongeza maji ya tangi lake. "Baba Somoe," akaniambia, "mimi nina tangi zima la maji nyuma yangu, ningeacha gari lichemke?"

Somoe ni binti yangu wa kwanza. Mama Nuru alikuwa wa rika langu, tukaitana hivyo siku zote.

Sasa mimi nilikuwa na shida ya kweli, na ninyi mtaipata, kwa hiyo jifunzeni. Huwezi kumtetea mteja kwa sababu unamwonea huruma. Lazima utenganishe. Kutu ya maji matupu ipo, inakula mabomba, ni kosa la mwenye gari. Mpasuko wa kibomba pale kilipochomelewa ni kitu kingine. Lakini ukisema hivyo kwa mdomo, nani akuamini? Inabidi uoneshe gari ambalo halijawahi kuonja maji matupu hata siku moja, na bado limepasuka palepale.

Gari kama hilo lilikuwa moja tu uani kwetu. Lilikuwa la kampuni, analoendesha Bwana Haule mwenyewe. Aina ileile. Nilikuwa nalihudumia kwa mikono yangu, kulanti safi, kila kitu kwa wakati, na lilikuwa linakwenda kama saa.

Nilimfuata ofisini, nikamwambia nataka kuitoa rejeta ya gari lake niikate. Gari lilikuwa zima. Akikubali na tusikute kitu, ameharibu mali ya kampuni kwa ajili ya muuza maji. Tukikuta, amewapinga wakubwa zake. Namsifu mpaka leo, kwa sababu hakuniuliza nina uhakika kiasi gani. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akasema, "Tukaikate wote."

Tulimwita Mama Nuru aje ashuhudie. Akakaa kwenye benchi, mguu mbovu ameunyoosha. Tulikata tangi la chini la rejeta kwa msumeno wa mkono, taratibu, ili mtu asije kusema tumepasua wenyewe. Ndani kulikuwa safi, kulanti inang'aa, hakuna kutu hata chembe. Nikakitoa kibomba, nikakifuta, nikakipaka wino wa kalamu kisha nikafuta tena. Hiyo ni njia ya Mponda: wino unafutika juu, unabaki ndani ya ufa. Pale kilipochomelewa ukabaki mstari mwembamba kama unywele. Haukuwa umepenya bado. Ungepenya.

Haule alikishika kibomba akakipeleka penye mwanga. "Kwa hiyo na mimi ningesimama mlimani," akasema. Kisha akapiga picha, akazituma Dar.

Jibu lilikuja haraka. Kampuni itamtengenezea Mama Nuru giaboksi na rejeta bure, kwa nia njema, walivyosema. Ikaja na karatasi ya kusaini. Nilifurahi, nikamwambia hongera. Yeye akatoa miwani kwenye mkoba, akaisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, na alipofika chini akaiweka kalamu mezani.

Ilikuwa imeandikwa kwamba hatamwambia mtu mwingine kuhusu kasoro ile wala msaada aliopewa.

Haule alimweleza kwa upole kwamba ni kawaida tu, makampuni yote yanafanya hivyo. Mama Nuru akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nauza maji. Nikijua chemchemi imeingia uchafu nikanyamaza kwa sababu mimi nimepewa maji safi, kesho nitamtazamaje mtu anayeniletea ndoo?"

Mama Nuru akavaa viatu vyake, akaniomba nimfunikie gari lisiingie mvua, akaenda stendi kupanda basi la Newala. Giaboksi yake iliachwa juu ya meza yangu vipande vipande, na kila asubuhi nikiingia kazini ilikuwa kitu cha kwanza ninachokiona. Mwanamke yule alikuwa hana kazi nyingine. Kila siku aliyokaa bila gari, wateja wake walikuwa wanazoea kununua kwa mtu mwingine.

Sikujua alichokuwa anafanya huko. Nilikuja kukijua asubuhi moja nilipofungua geti.

Nje walikuwa wamepanga foleni. Pikapu za aina ile, moja baada ya nyingine, mpaka karibu na duka la mbolea. Wengine nilikuwa nawajua, wengine nilikuwa sijawahi kuwaona. Mama Nuru alikuwa amemtafuta kila mwenye gari lile Newala na vijiji vya jirani, akawaambia kilichomo chini ya rejeta zao. Na hawakuja kwa fujo. Kila mmoja aliingia, akatuamkia, akaomba gari lake likaguliwe. Wakakaa kwenye benchi, benchi likajaa, wakakaa kwenye matairi. Mama mmoja alikuwa amekuja na korosho za kukaanga kwenye ungo, akazigawa kwa wateja na mafundi bila ubaguzi. Wateja wengine waliokuja kubadilisha oili hawakupata hata pa kupita. Ulikuwa ni ulalamikaji wenye adabu kuliko wote niliowahi kuuona, na nadhani ndio maana haukuwa na dawa. Mtu anayepiga meza unaweza kumwita mlinzi. Mtu anayekupa korosho unamfanya nini?

Haule alipanda juu ya ngazi ya kuchungulia tangi letu la maji, akapiga picha uani pote, akaituma Dar bila kuandika neno lolote.

Yule dada injinia alikuja mwenyewe. Alifika amechoka na safari, akanywa maji, akavaa ovaroli, akafanya kazi na sisi siku zote alizokaa. Alikuwa fundi hasa. Yeye ndiye aliyenionesha namna ya kupima kibomba kwa upepo wa kompresa na maji ya sabuni bila kukikata, njia bora kuliko wino wetu, na nimeitumia mpaka nastaafu. Kila gari tulilipima, na kila jibu aliliandika mbele ya mwenye gari. Jioni moja aliniambia kwamba picha ile ya uani aliiweka mezani kwa wakubwa, akawauliza swali moja tu: kati yetu na hawa, nani alijua kwanza?

Uamuzi ukatoka. Rejeta zote za aina ile zibadilishwe bure, kuna waranti au hakuna. Giaboksi iliyokufa kwa sababu ya kibomba, kampuni ilipe. Karatasi ya kunyamaza ikaondolewa.

Msifikiri kila mtu alipata. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye giaboksi yake ilikufa kwa sababu jiwe lilitoboa sampo, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, akaendelea kuendesha mpaka mafuta yakaisha. Alitaka na yeye aingizwe humo. Nilimwonesha tundu, nikamwambia, hili ni lako, kampuni haikujua kuhusu jiwe lako. Alinuna, akalipa. Na Mama Nuru, tulipomwambia mabomba ya chuma na pampu vimeliwa na kutu ya maji matupu, alisema hivyo ni vyake, akavilipia mwenyewe bila kuomba kupunguziwa. Ukitaka mwenzako alipe cha kwake, kubali kulipa cha kwako. Yeye alikuwa hivyo.

Kuna lililonibaki moyoni pia. Mwalimu mmoja wa Chidya alikuwa ameshalipia giaboksi yake mwaka uliotangulia, kwa shida, na kampuni ilikataa kumrudishia. Walisema hawawezi kurudi nyuma. Haule aliandika mara nyingi, hawakubali. Nilikwenda Chidya kumweleza mwenyewe, nikaona ni heri aisikie kwangu. Alinikaribisha chai, akasema anashukuru kwa kuambiwa. Sikupenda shukrani ile.

Basi mkiniuliza mimi, kipimo changu ni hiki. Kitu kikiharibika kwa uchakavu au uzembe, mwenye gari alipe. Kikiharibika kwa bahati mbaya ambayo hakuna aliyeijua, waranti iamue. Lakini kikiwa kinaharibika mahali palepale gari baada ya gari, na aliyekitengeneza anajua mpaka amebadilisha kile kipya, huyo alipe, hata kama gari halikumuua mtu. Na sisi mafundi tukishajua, tunaingia kwenye hesabu hiyo. Ukifungua gari la tatu lenye ufa uleule halafu ukamtajia mteja bei bila kumwambia, umechagua upande.

Giaboksi ya Mama Nuru niliifunga mwenyewe. Otomatiki lazima ijaribiwe mlimani, huwezi kuijaribu kwenye lami ya mjini ukasema nimemaliza, kwa hiyo nilipanda naye kwenda Newala. Yeye akaendesha. Tulijaza tangi bondeni, tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa matako, samahani kwa neno hilo, lakini ndipo giaboksi inaposikika vizuri. Gia ya pili ikaingia, ya tatu, ikarudi ya pili kwenye kona, laini, bila kusita. Tukapita pale alipokwama. Hapo Mama Nuru akashusha kioo, akaniuliza kama huwa nakunywa maji ya bondeni. Nikamwambia yana utamu wake. Akacheka.

Tulipofika juu, kabla ya soko, akaegesha ghafla pembeni. Mbele yetu kulikuwa na pikapu ya aina ile, kuukuu, imebeba magunia ya mihogo mikavu, na mwenyewe alikuwa anakaza kamba. Hatukuwa tunamjua. Hakuwa kwenye ile foleni. Gari lenyewe lilionekana limepita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Mama Nuru akazima injini. "Baba Somoe, shuka umwambie."

Nikamwambia mtu yule hajawahi kununua kitu kwetu wala kukanyaga karakana yetu. Hata sijui kama kampuni itamkubali.

"Kwani rejeta inajua?" akasema.

Nikashuka, nikamsalimia yule bwana, nikajitaja jina na kazi yangu, nikamwomba afungue boneti.